Hadubini ya Mwingiliano wa Mwanga na Mshikamano wa Seli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hadubini hii inaonyesha nini ambacho hadubini ya kawaida haionyeshi?

Hadubini ya kawaida huitazama seli kwa mwanga unaoipenya kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo picha yake huchanganya tumbo, kiini na mgongo wa seli kwa pamoja. Katika hadubini ya mwingiliano wa mwanga ulioakisiwa, mwanga huletwa kutoka chini kupitia kioo ambacho seli imekikalia, na kinachokusanywa ni ule mwanga unaorudi tu. Mwanga huo hubeba habari za nafasi iliyopo kati ya kioo na utando wa chini wa seli, nafasi ambayo inaweza kuwa nanomita chache au mia kadhaa. Seli haihitaji kutiwa rangi wala kubadilishwa jeni. Inatazamwa ikiwa hai, inatembea na kula, na upande wake wa chini unasomeka kama ramani ya kijivu, nyeusi na nyeupe.

Mwanga unawezaje kupima nafasi iliyo ndogo kuliko urefu wa wimbi lake?

Kwa kulinganisha mawimbi mawili. Sehemu ya mwanga huakisiwa pale kioo kinapokutana na kioevu cha kukuzia seli; sehemu nyingine husonga mbele, huvuka kioevu hicho, kisha huakisiwa pale kinapokutana na seli. Mawimbi haya mawili hurudi pamoja kwenye kamera. Vilele vya wimbi moja vikiangukia vilele vya jingine, mwanga huongezeka. Vikiangukia mabonde yake, mwanga hupungua. Ni jambo lile lile linalozaa rangi kwenye utando mwembamba wa mafuta uliotanda juu ya maji.

Kiasi cha mwanga unaoakisiwa kinategemea tofauti ya vipimo vya mpindo wa mwanga (namba zinazoonyesha jinsi kitu kinavyopunguza mwendo wa mwanga) katika vitu viwili vinavyopakana. Kioo kina takriban 1.52, kioevu cha kukuzia karibu 1.335, na saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, karibu 1.37. Ukizitia namba hizi katika kanuni ya Fresnel, inayokokotoa mwanga unaoakisiwa, utaona kwamba mpaka wa kioo na kioevu hurudisha kama asilimia 0.42 ya mwanga, ilhali mpaka wa kioevu na seli hurudisha kama asilimia 0.017 tu. Huo ni mwanga mchache mno, na karibu matatizo yote ya kiufundi yatakayoelezwa hapa chini chanzo chake ni uchache huo.

Kwa nini sehemu iliyo karibu na kioo huonekana nyeusi badala ya kung'aa?

Mwanga unaotoka penye kipimo kidogo cha mpindo na kuakisiwa na kitu chenye kipimo kikubwa hugeuzwa kwa nusu wimbi. Wimbi linaloakisiwa na seli hupatwa na mgeuzo huo. Lile linaloakisiwa kwenye mpaka wa kioo na kioevu halipatwi nao. Kwa hiyo nafasi inapokaribia sifuri, mawimbi mawili yanapingana na eneo linakuwa jeusi. Nafasi ikiongezeka, weusi unafifia mpaka mwanga ufike kileleni pale nafasi inapolingana na robo ya urefu wa wimbi ndani ya kioevu, kisha unaanza kushuka tena. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 546, kilele kiko karibu na nanomita 102 na weusi wa pili karibu na nanomita 204. Kati ya alama hizo ndipo kijivu cha kila kiwango hupatikana.

Weusi huo si mweusi kabisa. Kwa kuwa wimbi la seli ni hafifu, kama moja ya tano ya lile la kioo kwa kimo cha wimbi (kiasi cha mwanga ni mraba wa kimo hicho), haliwezi kulifuta lote. Kwa hesabu sahili ya vipimo tulivyotaja, eneo linalogusana na kioo hubaki na takriban asilimia 64 ya mwanga wa kioo kitupu kilicho pembeni.

Je, eneo jeusi ni ushahidi kwamba seli imeshikamana na kioo hapo?

Hapana. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na tunamwomba msomaji alikalie kwa muda. Picha ya mwingiliano inapima nafasi, na tena inaipima kwa kupitia sifa za macho za vitu vilivyomo. Mshikamano ni jambo la nguvu: ni protini za seli kuishika protini iliyotandikwa juu ya kioo kiasi kwamba kani fulani inahitajika ili kuzitenganisha. Seli inaweza kukaribia kioo kwa nanomita 20 kwa sababu ya uzito wake tu, bila kushikwa na chochote, na papo hapo kijiuzi chembamba kilichoshika kwa nguvu kinaweza kuwa chembamba mno kiasi cha kutoonekana.

Kuna mtego wa pili, ambao umewahadaa hata watafiti makini. Weusi hubadilika pia na msongamano wa saitoplazimu. Chukua sehemu ya seli iliyojaa nyuzi za aktini (protini inayounda kiunzi cha seli), ambapo kipimo cha mpindo kimepanda kutoka 1.37 hadi 1.40: kwa nafasi ile ile, mwanga wake hushuka kutoka asilimia 64 hadi karibu asilimia 40 ya mwanga wa kioo kitupu. Hakuna kilichosogea, seli imekuwa nzito zaidi machoni pa mwanga, basi. Na kwa bahati mbaya, vituo vya mshikamano ndipo hasa nyuzi za aktini zinapojikusanya. Jürgen Bereiter-Hahn na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1979, na bado huonekana makala zinazosoma weusi kana kwamba ni rula.

Anayetaka kusema kwamba seli imeshikamana anahitaji ushahidi wa aina nyingine pamoja na picha: kuonyesha kwamba integrini, talini au vinkulini (protini za vituo vya mshikamano) ziko mahali hapo hapo, kuosha seli kwa mkondo wa kioevu wenye kani inayojulikana na kuona zipi zinabaki, au kuzikuza juu ya jeli laini na kupima namna zinavyoivuta. Picha ya mwingiliano humwonyesha mtafiti mahali pa kuelekeza vipimo hivyo, na hiyo ni kazi kubwa.

Kuna aina ngapi za maeneo ya ukaribu?

Mgawanyo unaotumika mpaka leo ulitolewa na Colin Izzard na Linda Lochner mwaka 1976 kwa kuchunguza fibroblasti hai (seli za tishu unganishi). Kwanza kuna vituo vya mshikamano: mistari myeusi, myembamba, yenye upana wa chini ya mikromita moja na urefu wa mikromita chache, ambapo nafasi ni nanomita 10 hadi 15. Pili kuna maeneo mapana ya kijivu, hasa chini ya ukingo wa mbele wa seli inayotembea, ambapo nafasi ni karibu nanomita 30. Kwingineko utando umeinuka nanomita 100 au zaidi, na picha hung'aa.

Mgawanyo huu ni wa fibroblasti. Seli za magamba ya samaki, ambazo huteleza kwa kasi, huonyesha eneo pana la kijivu cheusi na mistari michache. Seli nyeupe za damu mara nyingi hazionyeshi mistari kabisa. Si sahihi kuihesabu seli isiyo na mistari myeusi kuwa haikushika.

Seli inaonekanaje inapoanza kushika?

Ukimwaga fibroblasti zilizong'olewa kwa tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) na kusubiri zitue, kila seli hujitokeza kwanza kama doa dogo lililozungukwa na duara jeupe, kisha jeusi, kisha jeupe tena. Maduara hayo ni alama za tumbo la mviringo la seli linavyopanda kuacha kioo. Kila moja ni hatua ya takriban nanomita 100. Doa la katikati hucheza kidogo kwa sababu utando bado unatikisika. Baadaye doa hupanuka, maduara yanabanana kuelekea ukingoni, na eneo la kijivu hutanda pande zote.

Mistari myeusi huja baadaye, karibu na ukingo, na karibu yote huelekea nje. Mtazame mmoja tu. Huanza kama nukta ndani ya kijivu, hurefuka kuelekea katikati ya seli, na kisha hukaa. Ukingo wa seli unaendelea mbele, mwili wa seli unapita juu yake, lakini mstari wenyewe hausogei hata kidogo ukilinganisha na kioo. Mistari mipya huzaliwa mbele yake. Unapofikiwa na nyuma ya seli, mstari hufifia na kutoweka, au huburutwa kwa muda kabla ya kukatika, na mkia wa seli hurudi ndani kwa ghafla ukiacha nyuzi nyembamba zilizong'ang'ania kioo. Kwa maoni yetu hakuna njia nyingine nyepesi inayoonyesha kwa uwazi kama huu kwamba seli hutembea kwa kupita juu ya vishikizo vilivyotulia.

Nani waliianzisha njia hii katika utafiti wa seli?

Adam Curtis, mtafiti wa Uingereza, ndiye aliyeitumia kwanza kwa swali la mshikamano wa seli na kioo, katika makala yake ya mwaka 1964 kwenye Journal of Cell Biology. Alitumia fibroblasti za moyo wa kiinitete cha kuku. Mwaka 1971 Michael Abercrombie na wenzake waliona kwa hadubini ya elektroni mabamba mazito penye ukaribu mkubwa zaidi kati ya seli na uso ilioukalia, na mwaka 1978 Julian Heath na Graham Dunn wakatazama seli zile zile kwa njia zote mbili na kuonyesha kwamba mistari myeusi ya mwingiliano huangukia kwenye miisho ya nyuzi za aktini. Kwa upande wa vifaa, hatua kubwa ni ile ya Johan Ploem wa Uholanzi katika miaka ya 1970, inayoelezwa katika jibu linalofuata. David Gingell na Ian Todd walitoa mwaka 1979 nadharia ya kihesabu inayozingatia kwamba lenzi hukusanya miale ya pembe nyingi, jambo ambalo hesabu sahili huliacha nje.

Ninahitaji vifaa gani?

Hadubini iliyopinduliwa yenye taa ya kuangaza kutoka chini, ile inayotumika kwa fluoresensi (mng'ao wa rangi zilizotiwa kwenye seli), inatosha kuanzia. Mahali pa kioo cha kutenganisha rangi za fluoresensi weka kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu. Ongeza kichujio chembamba, kwa mfano cha nanomita 546 chenye upana wa nanomita 10, lenzi ya mafuta yenye namba ya uwazi (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga ambao lenzi hukusanya) ya 1.25 au zaidi, na kamera nyeti inayotoa picha za biti 12 au 16. Seli zikae juu ya kioo chembamba cha milimita 0.17.

Kikwazo kikubwa ni mwanga unaoakisiwa na vioo vya ndani ya lenzi yenyewe, ambao unaweza kuizidi picha yote. Dawa ya Ploem ni ya kupendeza. Mwanga unaoingia hupitishwa kwenye polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu), na unaorudi hupitishwa kwenye polaraiza ya pili iliyogeuzwa nyuzi 90, kiasi kwamba mwanga wowote ulioakisiwa ndani ya lenzi unazuiwa. Mbele kabisa ya lenzi huwekwa sahani ya robo-wimbi. Mwanga uliofika kwenye seli na kurudi umeipitia sahani hiyo mara mbili, ukageuzwa nyuzi 90, na kwa hiyo huo peke yake ndio unaoruhusiwa kupita. Lenzi za namna hii huuzwa zikiwa tayari.

Hadubini ya konfoka yenye leza, inayopiga picha nukta kwa nukta, pia hufanya kazi hii, kwa kuchagua kioo cha 80/20 (kinachogawa mwanga kwa uwiano huo) na kusoma mwanga wa rangi ile ile ya leza. Ina ubaya wake: doa jeupe katikati ya picha, na mapete yasiyo ya seli yanayoletwa na ulinganifu mkubwa mno wa mwanga wa leza.

Picha yangu ni ya kijivu tupu, haina tofauti. Nianzie wapi?

Anza na mapazia mawili ya mwanga, yaani matundu yanayofunguka na kufungwa katika njia ya mwanga, kwa sababu ndiyo yanayosahaulika; la pili limeelezwa katika jibu linalofuata. Pazia la uwanja lifungwe mpaka liangaze eneo unalolitazama tu. Mwanga wa ziada hurudi kama ukungu. Kisha hakikisha kwamba lenzi imelengwa kwenye uso wa juu wa kioo, mahali seli ilipokaa, kwa maana nusu mikromita ya kupotea inatosha kufuta mistari myeusi. Angalia mafuta kama yana viputo. Zima taa ya juu ya hadubini na funika sahani, kwani mwanga wa chumba nao huingia.

Baada ya hapo piga picha ya kioo kitupu chenye kioevu tu, na uigawanye kila picha ya seli kwa picha hiyo. Hatua hii huondoa vumbi la lenzi na kutolingana kwa mwanga, na pia hukupa uwiano ambao unaweza kulinganishwa kati ya siku moja na nyingine.

Kwa nini ukingo mwembamba wa seli huwa na mistari isiyoeleweka?

Pale seli ilipo nyembamba chini ya mikromita moja hivi, mwanga huakisiwa pia na utando wake wa juu, na wimbi la tatu linaingia katika hesabu. Mapete unayoyaona hapo yanaweza kuwa yanaeleza unene wa seli badala ya nafasi iliyo chini yake. Kufungua kikamilifu pazia la pili, lile linalotawala pembe za mwanga unaoingia, hupunguza tatizo: miale ya pembe nyingi hulingana vizuri karibu na kioo lakini huvurugana kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo alama ya utando wa juu hufifia. Ukifunga pazia hilo, mapete ya mbali hujitokeza kwa wingi, jambo linalofaa kwa kusoma umbo la tumbo la seli inayoelea, lakini halifai kwa ukingo mwembamba. Jaribio la haraka ni kupiga picha mbili, pazia likiwa wazi na likiwa limefungwa. Alama inayobaki katika zote mbili ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya upande wa chini.

Ninaweza kupata umbali kwa nanomita?

Kwa masharti. Kwa vilengelenge vya lipidi (vifuko vidogo vya mafuta), ambavyo utando wake ni laini na ndani yake kuna kioevu kinachojulikana, vipimo vya nanomita chache vinapatikana kweli, na kikundi cha Erich Sackmann nchini Ujerumani kiliendeleza sana kazi hiyo. Kwa seli hai mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kipimo cha mpindo ndani yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Zipo pia sehemu ambazo hesabu yenyewe ni dhaifu. Karibu na sifuri mchirizo wa mwanga (mstari wa grafu ya mwanga dhidi ya nafasi) ni bapa: kutoka nanomita 0 hadi 10 tofauti ni karibu asilimia 2 ya mwanga wa kioo kitupu, na kelele ya kamera inaweza kuimeza. Karibu na nanomita 50 mchirizo ni mkali na vipimo ni vizuri, lakini hapo seli hufanana kwa mwanga na kioo kitupu, na asiyejua anaweza kudhani hakuna seli. Zaidi ya hayo, nanomita 0 na 204 zote ni nyeusi.

Utata huo wa mwisho hutatuliwa kwa rangi mbili. Piga picha kwa nanomita 546 na kwa 436. Kwa bluu, weusi wa pili huangukia nanomita 163, kwa hiyo mahali palipo peusi kwa rangi zote mbili ni karibu na kioo, na palipo peusi kwa kijani lakini pa kijivu kwa bluu pameinuka.

Je, naweza kutumia sahani ya plastiki, au kioo kilichopakwa fibronektini?

Fibronektini, protini ambayo seli huishika, haisumbui; tabaka lake ni la nanomita chache. Plastiki ya polistireni ina kipimo cha mpindo cha takriban 1.59 na kwa kawaida ni nene mno kwa lenzi ya mafuta, kwa hiyo ni bora kutumia sahani zenye dirisha la kioo chini. Jeli laini nazo huleta shida ya kinyume, kwani kipimo chake hukaribiana na cha kioevu na mwakiso wa kwanza hutoweka.

Inatofautianaje na hadubini ya fluoresensi ya mwakiso kamili wa ndani?

Hiyo huangaza tabaka la takriban nanomita 100 juu ya kioo na kuonyesha protini iliyotiwa alama iko wapi. Hadubini ya mwingiliano huonyesha utando uko wapi. Zote mbili hukaa kwenye hadubini moja, na tunashauri zitumike pamoja kila inapowezekana: picha ya vinkulini na picha ya mwingiliano ya seli ile ile, katika dakika ile ile, hujibu maswali ambayo kila moja peke yake haiwezi kuyajibu.

Mwanga huo hauidhuru seli?

Ni mara chache. Kwa kuwa hakuna rangi ya kusisimua, mwanga hafifu unatosha, na seli zinaweza kufuatiliwa kwa saa nyingi.

Imetumika kuchunguza seli gani nyingine?

Nyingi. Wanaochunguza kinga huitumia kupima eneo ambalo seli T huligusa inapokutana na uso uliobeba vichochezi vyake. Amiba ya Dictyostelium imechunguzwa sana kwa njia hii kwa sababu hutembea haraka bila vituo vya mshikamano vya aina ya fibroblasti. Sporozoiti za Plasmodium, vimelea vya malaria katika hatua ile inayoletwa na mbu, zimeonekana kushika na kuachia kwa zamu sehemu mbalimbali za mwili wao zinapoteleza kwa kuzunguka, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Hata mikrotubuli moja moja, vijibomba vya protini ambavyo si seli kabisa, huonekana kwa njia hii bila rangi.

Nieleze nini katika ripoti ili mwingine aweze kuisoma picha yangu?

Taja urefu wa wimbi na upana wa kichujio, namba ya uwazi ya lenzi, hali ya pazia la pembe za mwanga, aina ya kioo na kilichopakwa juu yake, na kama picha ziligawanywa kwa picha ya kioo kitupu. Onyesha mwanga kama uwiano wa ule wa kioo kitupu, na uweke kipande cha kioo hicho ndani ya kila picha unayoichapisha. Ukitoa nanomita, sema ni kipimo gani cha mpindo ulichokisia kwa saitoplazimu, na uonyeshe jinsi matokeo yanavyobadilika ukikisogeza kutoka 1.36 hadi 1.40. Mahali unapotaka kuandika kwamba seli imeshikamana na ushahidi ulionao ni wa picha hii pekee, andika kwamba iko karibu.